Angalia bima ya gari kabla haijakatika

Wenye magari wa Mtwara na Lindi, kabla ya safari ya Dar ingiza namba ya gari kwenye TIRAMIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), uone bima inaisha lini. Ikibaki wiki, kata mpya ianze pale ya zamani inapokwisha. Bima hairudi nyuma: ikiwa imekatika jana, leo ukamgonga mtu Nangurukuru, hata ukilipia jioni ileile fidia yake ni mzigo wako, na kuendesha bila bima ni kosa kisheria. Tafadhalini, msiache hata siku moja katikati. Ila kama una bima ndogo, gari lako likiumia utatengeneza mwenyewe. Hiyo hulipa wa upande wa pili tu.