Somo: Kula bafe ya samaki kwenye hoteli yenye kasino na nauli ya kurudi ibaki mfukoni

Haya jamani, niliahidi somo la bafe, nalo hili hapa. Nimesimama nyuma ya masinia ya hoteli miaka kumi na moja, hapa hapa Tanga, nikikaanga ngisi kwa ajili ya watu ambao wengi wao walishiba wali kabla hawajanifikia.

Kwanza mjue kwa nini bei huwa ndogo. Nyumba ya kamari haiishi kwa chakula. Huko Las Vegas, Marekani, hoteli ya El Rancho Vegas iliweka bafe miaka ya 1940 ili wachezaji wasitoke kwenda kutafuta mlo kwingine, na mwaka 1959 Golden Gate ya mji huo huo ikaanza kuuza glasi ya kambamiti kwa senti 50. Mahesabu ni yale yale popote: chakula ni chambo. Sisi watoto wa wavuvi tunajua samaki mjanja hufanya nini na chambo.

Hatua ya 1: Tazama mwezi. Hapa ndipo wengi hukosea, wanatazama tangazo. Dagaa, vibua na ngisi huvuliwa usiku kwa taa, na taa inataka giza. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hana haja ya kuifuata taa ya mtu. Pweza naye huchokolewa miambani maji yakitoka sana, wakati wa bamvua. Bamvua huja mara mbili, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, lakini zile siku za mwezi mwandamo ndizo zenye giza na bamvua kwa pamoja. Jumamosi iliyo karibu na hapo ndiyo yako. Mimi hupita kwanza sokoni Deep Sea asubuhi. Nikiona matenga ya ngisi, najua jioni sipiki.

Kusi likivuma kwa nguvu, Juni na Julai, ngalawa nyingi hulala ufukweni na huenda ukapewa samaki wa friza. Uliza tu. Mpishi akikwambia ni wa barafu, mshukuru. Aliyegandishwa vizuri ni bora kuliko aliyeshinda juani.

Hatua ya 2: Uliza bei kabla ya kuketi. Bei ya kichwa ni hiyo tu, au VAT inakuja baadaye? Vinywaji vimo? Nilimpeleka shemeji yangu mahali fulani, bafe tukailipa tukicheka, halafu maji ya chupa na soda vikatunyamazisha mpaka stendi.

Hatua ya 3: Zunguka mikono mitupu. Usishike sahani. Mkate, chipsi, wali na kachumbari vimepangwa mwanzo makusudi, na sahani ni ndogo makusudi. Kambamiti wako mwisho kabisa, na mpishi kasimama hapo na koleo. Sio uchawi, ndivyo tulivyofundishwa kupanga. Angalia vya moto kama vinatoa mvuke na vya baridi kama vimelala kwenye barafu. Halafu muulize mhudumu kwa upole, "Kaka, sinia jipya la kaa linatoka saa ngapi?" Atakwambia. Hakuna anayewauliza.

Hatua ya 4: Sahani mbili, tatu ukijiweza. Ya kwanza: pweza, ngisi, kambamiti, ndimu. Ya pili: kaa, na kipande cha changu au kolekole wa kupaka. Wali wa nazi vijiko viwili, wa kufutia mchuzi. Kaa msimkimbie kwa sababu ya aibu. Lizungushe gando mpaka likatike kwenye kiungo, ligonge mara moja kwa mgongo wa kijiko kizito, uvute nyama nzima. Ukilisaga, utakula gamba.

Hatua ya 5: Usilazimishe. Jodari au nguru akikuwasha ulimi kama pilipili na pilipili haimo, acha. Huyo alikaa nje ya barafu muda mrefu, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa; uso utakuwa mwekundu na kichwa kitagonga. Samaki mwenye nyama iliyopondeka na damu kwenye uti wa mgongo uliovunjika, huyo huenda ni wa baruti. Mimi simli, hata kwa bure.

Ukimaliza, nawa mikono, toka kwa mlango ulioingilia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Chumbageni: Mwalimu, naweza kwenda na wanangu? Mkubwa ana miaka 15.

Jibu: Dada yangu, chumba cha michezo ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18. Kama mgahawa una mlango wake, nendeni. Kama mnapita katikati ya mashine, tafuta bafe nyingine.

Kijana wa Ngamiani: Kaka, kaa waliobaki naruhusiwa kufunga?

Jibu: Hapana, mdogo wangu, bafe huliwa mezani. Na kaa aliyekaa nje zaidi ya saa mbili usimpelekee mama yako.

Mzee wa Raskazone: Mwanangu, chakula cha nyumba ya kamari kinafaa kuliwa?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Hilo mpelekee shehe wako, mimi ni mtu wa jikoni. Ninachojua, ziko hoteli zetu zisizo na mashine hata moja, na samaki wa kupaka wanampika vile vile.

Mgeni Mjini: Nasikia Tanga kuna samaki wa kale, silikanti. Naye huwekwa kwenye bafe?

Jibu: Karibu Tanga. Silikanti analindwa, na tangu 2009 ana hifadhi yake ya bahari hapa kwetu. Halafu nyama yake ina mafuta ya kuendesha tumbo. Kula changu, ndugu yangu.