Kuchagua Rimu na Tairi za Subaru WRX STI
Subaru WRX STI ya 2011 iliyouzwa Marekani ilitoka kiwandani na tairi za 245/40R18, yaani upana wa milimita 245, ukuta wa pembeni wenye kimo cha asilimia 40 ya upana huo, na rimu ya inchi 18. Kipenyo kizima ni milimita 653 hivi. Anayetaka ukuta mnene zaidi, chaguo la busara kuliko inchi 19 za kujionyesha, atumie 245/45R17, yenye milimita 652, ili spidomita isidanganye. Kwanza ahakikishe kwamba rimu hiyo ya inchi 17 haigusi kalipa (vibanio vya breki) za Brembo, na kwamba matundu yake matano ya boliti yako kwenye duara la milimita 114.3. Tairi zote nne zibadilishwe pamoja, kwa kuwa tofauti ya mzingo huchosha difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.