Kunguru au droni? Soma mwendo wake kwa rada ndogo

Hapa Malindi ukielekeza rada juu, kitu cha kwanza kukinasa ni kunguru tu, wametujaa, na ukiangalia nguvu ya mwangwi peke yake kunguru na droni ndogo wanaweza kulingana kabisa. Kwa hivyo achana na ukubwa, fuata mwendo. Mwili unasafiri lakini mbawa au propela zina mwendo wao mwingine juu ya ule, na huo ndio unaomtambulisha.

Chukua moduli ya HB100, kijirada kile cha bei rahisi cha gigahezi 10.525, iwekee amplifaya maana signali yake ni hafifu mno, ingiza kwenye tundu la maiki la laptopu urekodi kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti, sampuli 44,100 kwa sekunde. Kinachotoka ni mlio unaopanda kadiri kitu kinavyokwenda kasi: kila mita 1 kwa sekunde inakupa kama hezi 70, basi kunguru anayekujia kwa mita 10 kwa sekunde utamwona kwenye hezi 700 hivi, akipita ubavuni zinashuka. Zima taa za tyubu, zinatia mlio wa hezi 100, na kusi likivuma usiielekeze kwenye minazi, makuti yatajaa skrini yote.

Anza na feni ya mezani ujizoeshe. Halafu fungua spektogramu, picha inayoonyesha hezi zikibadilika na wakati, na hapa ndipo pa kutulia, ukubwa wa dirisha, yaani sampuli ngapi zinachambuliwa kwa mkupuo. Weka 2048, sawa na milisekunde 46 hivi. Ndege atatoa mstari wa mwili na kando yake mawimbi yanapanda na kushuka mara chache kwa sekunde, ndio mbawa hizo. Droni itatoa mistari iliyolala, imepangana sawasawa: propela ya mapanga mawili ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mistari inaachana hezi 167. Propela nne hazizunguki sawa kabisa so mistari yaweza kuvurugana kidogo. Sasa shusha dirisha hadi 128, mistari inageuka michirizi iliyosimama, kila mchirizi ni panga likiirudishia rada mwangwi wa ghafla.

Mwewe akielea bila kupiga mbawa utaona mstari mtupu, usiharakishe kumwita droni, mngoje apige mbawa. Na droni ikiganda hewani mwili wake unazama kwenye hezi sifuri pamoja na kuta na mabati, vitu visivyosogea, zinabaki propela tu, nazo za plastiki zinarudisha kidogo sana kwa hivyo iwe karibu, mita chache. Droni yenyewe hairushwi bila ruhusa ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, shughulikia hiyo kwanza.