Tizi la nyumbani: upige mara ngapi kwa wiki, upumzike lini

Watu wanaoanza tizi la nyumbani wanauliza sana hili, nipige pushapu kila siku au niruke siku? Kama ndo unaanza, piga mara tatu kwa wiki, mwili mzima, Jumatatu Jumatano Ijumaa, basi. Najua inaonekana kidogo na moto unao, ila sikiliza kwanza. Ukipiga tizi msuli unachoka na kuumia kidogo kwa ndani, halafu mwili ndo unaanza kuujenga upya, na kazi hiyo inaendelea kama saa 24 mpaka 48 baada ya wewe kumaliza, kwa hiyo ukirudia kifua kilekile kesho yake kwa nguvu ileile unaingilia fundi kabla hajamaliza.

Siku ya tizi fanya skwati (kuchuchumaa na kusimama), pushapu, kujivuta kwenye bomba au tawi gumu la mwembe, na plenki (kujishikilia kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka). Seti, yaani zile unazopiga mfululizo kabla ya kupumzika, tatu tatu zinatosha, kati ya seti pumzika dakika moja na nusu au mbili, na uache ukiwa bado unaweza kuongeza mbili tatu. Kwenye pushapu utajua tu, kiuno kinaanza kushuka, viwiko vinatanuka nje, kichwa kinatangulia chini kabla ya kifua, hapo acha, hizo za kulazimisha zinakuchosha bure na mabega ndo yanalipa.

Kesho yake utaumwa, na keshokutwa pengine zaidi, mapaja utayasikia ukishuka ngazi au ukichuchumaa chooni. Hiyo ya kawaida kabisa, inakuwa pande zote mbili na ukitembeatembea inalegea. Ila maumivu makali sehemu moja, kwenye bega, kiwiko au goti, hayo usiyapigie tizi juu yake jamani, kano zinachelewa kuzoea kuliko misuli. Na ukiona misuli imevimba, inauma kupita kiasi na mkojo una rangi kama ya Coca-Cola, nenda hospitali siku hiyohiyo, figo zinaweza kuharibika.

Utajuaje umepona? Angalia seti ya kwanza. Kama juzi ulipiga pushapu 12 safi na leo ya nane tu mikono inatetemeka, mwili haujarudi, kata tizi nusu au katembee tu, wala hujapoteza kitu.

Baada ya miezi miwili mitatu ukiona mwili unapokea vizuri, nenda siku nne, Jumatatu juu (kifua, mgongo, mikono), Jumanne miguu, Jumatano pumzika, Alhamisi juu, Ijumaa miguu. Kama Jumapili una mechi ya ndondo basi hiyo nayo ni siku ya miguu, ihesabu, na Jumatatu anza na juu kama hivyo.

Na wewe unayeshinda site unabeba zege au unasukuma mkokoteni, usijilinganishe na mtu anayekaa ofisini, mwili wako umeshafanya kazi, mara mbili kwa wiki inakutosha. Hata Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki kwa mtu mzima.

Zile chalenji za pushapu 100 kila siku mimi siziungi mkono kwa anayeanza. Kama lazima ushuke chini kila siku, piga nusu ya uwezo wako, mara chache kwa siku, usifike kuchoka.

Kulala ni saa saba kwenda juu. Kwenye kula, anayejenga misuli alenge kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 70 ni karibu gramu 110, dagaa, maharage, mayai na samaki vinakufikisha huko bila kununua poda ya mtu.

Kila baada ya wiki sita hivi punguza seti ziwe nusu kwa wiki nzima, halafu urudi kama kawaida. Na Ramadhani usipandishe tizi, shika mara mbili kwa wiki, piga baada ya kufuturu na maji yakiwa yameshaingia mwilini, ukimaliza mfungo ndo uanze kuongeza taratibu.