Jinsi ya kuanza kukusanya stempu za vifurushi za Marekani za 1912–13

Ndugu yangu alinunua mtandaoni lundo la stempu nyekundu za zamani, akaniomba nimsaidie kuzichambua. Haya ndiyo tuliyofanya, kwa mpangilio.

1. Jua unachotafuta

Huduma ya vifurushi ya posta ya Marekani ilianza 1 Januari 1913, mwisho wa uzito ukiwa ratili 11, yaani karibu kilo 5. Seti ina stempu 12, za senti 1 hadi dola 1, na kwenye katalogi ya Scott, orodha ya stempu wanayoitumia wakusanyaji, zimepewa namba Q1 hadi Q12. Zote zina rangi ileile nyekundu, jambo lililowasumbua sana makarani waliozishika kutwa. Za bei ndogo zina picha za watumishi wa posta; za bei kubwa zina kiwanda, ng'ombe wa maziwa, mavuno na matunda. Ya senti 20 ina ndege, na ndiyo stempu ya kwanza duniani kuonyesha ndege, ingawa safari za kudumu za kubeba barua kwa ndege nchini humo zilianza 1918.

2. Anza na zilizotumika

Mimi sishauri anayeanza anunue zisizotumika, zenye gundi yake. Bei ni kubwa, na gundi inapakwa upya na mafundi wa kudanganya. Ukikuta ncha za meno, yaani ukingo uliotobolewa, ni ngumu, kama zimelowa gundi zikakauka, iache.

3. Zibandue kwenye karatasi

Maji ya uvuguvugu, kibano, karatasi ya kunyonya maji. Basi.

4. Kagua meno

Hapa usiwe na haraka. Stempu hizi zilichapwa kwa bamba la stempu 180, kisha karatasi ikakatwa vipande vinne vya stempu 45. Zilizokaa kwenye mkato zilitoka na upande mmoja usio na meno, na ya kona hata pande mbili. Ni halali kabisa, ila wakusanyaji wengi hawazipendi, kwa hiyo bei yake iko chini. Tapeli anazinunua kwa bei hiyo, anazitoboa meno, kisha anaziuza kwa bei ya nzima.

Kwanza weka kipimo cha meno: pande zote zinatakiwa kuwa 12, yaani matundu 12 kwa kila sentimita 2. Upande ukitofautiana, umeshapata jibu. Ukilingana, bado hujapata, kwa sababu tapeli naye ana kipimo.

Pili, tazama ncha kwa lenzi. Stempu iliyochanwa toka kwa mwenzake huacha nyuzi za karatasi kwenye ncha. Iliyotobolewa baadaye mara nyingi ina ncha zilizokatwa safi. Lakini stempu iliyotenganishwa kwa mkasi nayo huwa safi, kwa hiyo dalili hii peke yake haitoshi.

Tatu, ilaze juu ya nyingine ambayo huna shaka nayo. Ikiwa na upana mdogo zaidi, shuku. Shuku tu, usihukumu: karatasi ilichapwa ikiwa na unyevu, ikasinyaa ilipokauka, na haikusinyaa sawasawa. Tena nyingine zilikuwa na ukingo mpana tangu mwanzo, hivyo hata baada ya kutobolewa zinabaki na upana wa kawaida. Upande wa shaka usipokwenda sambamba na ule ulio mkabala nao, hapo ndipo mimi narudisha mzigo.

Picha ya muuzaji haionyeshi haya. Asiyekubali kurudishiwa, usinunue kwake, hata kama bei inakuita.

5. Bahasha: soma tarehe

Hadi mwisho wa Juni 1913 stempu hizi zilikuwa za vifurushi tu, na vifurushi havikukubali stempu nyingine. Tarehe 1 Julai mpaka huo ukaondolewa. Kwa hiyo barua yenye stempu ya senti 2 na muhuri wa Septemba 1913 ni jambo la kawaida. Usiilipie kama lulu. Ya kabla ya Julai ilipita kinyume cha kanuni, ni adimu, na ndiyo maana mihuri yake huigizwa. Hiyo mpelekee mtaalamu wa kuthibitisha kabla hujatoa fedha.

6. Usisahau za kijani

Ziko tano, JQ1 hadi JQ5, za kudai malipo yaliyopungua kwenye kifurushi: senti 1, 2, 5, 10 na 25. Zihifadhi ukurasa wake, kwenye vifuko vya plastiki vya stempu. Zile bawaba, vipande vidogo vya karatasi vya kulamba na kubandika nyuma ya stempu, mimi sizitaki ndani ya albamu yangu.