Somo: Usiweke saini kabla hujaelewa mpango wa mtoto wako (kwa wazazi walioko Marekani)

Hili ni la wazazi wenye mtoto mdogo ambaye hasemi, hatembei, hasikii vizuri, au makuzi yake yanawatia wasiwasi. Sheria inayomlinda huku Marekani inaitwa IDEA. Mizizi yake ni ya 1975, na watoto wachanga wakaingizwa 1986. Mimi hukalimani kwenye mikutano hii ya shule. Ninachokiona mara nyingi ni mama anaitikia kwa kichwa kwa sababu ya heshima, na wale wa upande wa pili wa meza wanaandika kwamba amekubali.

Hatua ya 1: Angalia umri

Kama hajafika miaka 3, omba huduma za mapema za jimbo lako (kwa Kiingereza "early intervention"). Piga simu mwenyewe, huhitaji barua ya daktari. Tangu wapokee taarifa wana siku 45 za kumpima na, akistahili, kukaa na ninyi kuandika mpango unaoitwa IFSP. Kupimwa ni bure, ingawa majimbo mengine hutoza baadhi ya huduma kulingana na kipato. Akitimiza miaka 3, kazi inahamia wilaya ya shule. Huko huduma zote za mpango ni bure, na mpango wenyewe unaitwa IEP.

Hatua ya 2: Omba kwa maandishi

Ukimwambia mwalimu pale mlangoni wakati wa kumchukua mtoto, kesho amesahau. Andika, hata kwa Kiswahili: "Naomba mtoto wangu fulani, aliyezaliwa tarehe fulani, afanyiwe tathmini ya elimu maalumu. Nahitaji mkalimani wa Kiswahili." Weka tarehe, ipige picha kwa simu, ndipo uipeleke. Wakikubali watakupa fomu ya ridhaa. Siku wanayoipokea ikiwa na saini yako ndiyo siku 60 za tathmini zinaanza kuhesabiwa, isipokuwa jimbo lako liwe na hesabu yake. Wakikataa, ni lazima wakupe sababu kwa maandishi.

Hatua ya 3: Lugha, na hapa msione haya

Shule ndiyo inayotafuta mkalimani wa mkutano na ndiyo inayomlipa. Usikubali dada yake wa darasa la sita akalimani. Mtoto hawezi kubeba maneno kama "ulemavu wa akili" kutoka kwa mtaalamu mpaka kwa mama yake, na mara nyingi atayaruka ili asikuumize.

Mtoto naye apimwe kwa lugha itakayoonyesha kweli anachokijua. Kama nyumbani ni Kiswahili, na akiambiwa "lete kiatu" anakwenda kukileta, waambie hivyo. Kutojua Kiingereza si ulemavu. Na mtu akikuambia uache kusema Kiswahili nyumbani ili mtoto aanze kuongea, usimsikilize: lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema.

Hatua ya 4: Soma malengo neno kwa neno

"Ataboresha mawasiliano" si lengo, maana hakuna atakayejua kama limefikiwa. Lengo ni kama hili: "Akitaka maji, ataomba kwa neno au kwa picha, bila kushikwa mkono, mara 4 kati ya 5, ifikapo Mei." Halafu uliza huduma ni dakika ngapi kwa wiki, peke yake au kikundi, na nani anaitoa. Ukisikia "kadiri itakavyohitajika," omba namba iandikwe. Uliza pia atakaa na wenzake wasio na ulemavu kwa muda gani, na kama hakai nao, kwa nini.

Hatua ya 5: Saini

Saini ya kuhudhuria mkutano si saini ya kukubali mpango. Una haki ya kwenda na karatasi nyumbani. Bila ridhaa yako ya maandishi, huduma za kwanza za elimu maalumu haziwezi kuanza. Usipokubaliana na tathmini yao, unaweza kudai nyingine huru kwa gharama ya wilaya. Kila jimbo lina kituo cha mafunzo na taarifa kwa wazazi wa watoto wenye ulemavu, na hawatozi kitu.

MASWALI

Mama, Kentucky: *Wangu anatimiza miaka 3 mwezi wa saba, shule zimefungwa. Nisubiri?*
Usisubiri, mama. Kama tayari yuko kwenye huduma za mapema na anastahili, IEP iwe tayari kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Kwa kuwa ni likizo, mkutano wenyewe ndio unaopanga tarehe ya kuanza. Mkutano wa kuandaa kumhamishia wilaya ya shule nao ufanyike angalau siku 90 kabla.

Baba, Ohio: *Karatasi zetu za uhamiaji hazijakamilika. Watatukataa?*
Hapana. Mahakama Kuu iliamua 1982 kwamba shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu hiyo. Wataomba uthibitisho wa mahali mnapoishi, hilo ni la kawaida.

Mama mkwe wangu anasema baba wa mtoto naye alichelewa kusema.
Pengine ni kweli, dada. Mpime hata hivyo. Akionekana hana tatizo, bibi atafurahi kuliko wote.

Nilishasaini kila kitu mwaka jana. Nifute?
Taratibu hapo! Ukiondoa ridhaa kwa maandishi, huduma zote za elimu maalumu zinasimama, hata ile inayomsaidia. Badala yake andika uombe mkutano wa kurekebisha mpango. Unaruhusiwa kuomba wakati wowote, si lazima usubiri ule wa mwaka.