Ukitaka Python ikubali alama yako mpya

Sema uko Ngamiani, Tanga, unaandika programu ya kukokotoa mauzo ya mkonge, na kuna sintaksia (kanuni za uandishi) ya lugha ya programu ya Python inayokukera. Tafuta kwanza kama wazo lako limeshakataliwa. Mapendekezo ya Python huitwa PEP, kila moja na namba yake, na hata yaliyokataliwa huhifadhiwa pamoja na sababu.

Halafu leta ushahidi. Chukua mafaili halisi, uandike upya mistari kumi hivi, ya zamani na mpya sambamba. Kupunguza herufi mbili hakumshawishi mtu. Kuzuia kosa ndiko kunakouza.

Tazama PEP 515, iliyoingia Python 3.6 mwaka 2016. Zamani `bei = 1500000` ilitaka uhesabu sifuri kwa kidole; sasa unaandika `1_500_000`. Mbona hawakuchukua koma, kama kwenye risiti? Kwa sababu `bei = 1,500,000` tayari ina maana yake: Python inakupa namba tatu, 1, 500 na 0, wala haikuonyi. Na kistari cha chini hakikai mwanzoni, maana `_100` ni jina halali la kigeu. Mapendekezo mengi hufia hapo hapo: alama unayoitaka ina mwenyewe.

Neno jipya ni hatari zaidi. `async` lilipotengwa rasmi katika Python 3.7, maktaba za msimbo zilizokuwa zikilitumia kama jina la kawaida zilivunjika. Ndiyo maana `match`, katika 3.10, hutambuliwa kwa muktadha tu.

Sasa pakua msimbo wa Python yenyewe, ujenge mfano unaofanya kazi. `git clone --depth 1` huokoa bando, kwani haivuti historia yote. Sarufi iko `Grammar/python.gram`, ukiihariri, endesha `make regen-pegen` ili kisomaji cha sarufi kiundwe upya, kisha `make`, kisha majaribio yote. Umbo la namba halimo humo, hushughulikiwa mapema zaidi, msimbo unapokatwa vipande.

Kama si mmoja wa watunzaji wa Python, PEP yako itahitaji mdhamini, kwa kawaida kutoka kwao. Fuata kiolezo cha PEP 12, kwa Kiingereza chepesi. Usilipue sehemu ya mawazo uliyoyaacha: swali usilolijibu pale utaulizwa tena na tena. Uamuzi ni wa baraza la watu 5, au mtu waliyemkabidhi.

Toleo jipya hutoka Oktoba, lakini mlango wa sintaksia hufungwa toleo la kwanza la majaribio (beta) linapotoka, kwa kawaida Mei. Ukichelewa, ni mwakani.